Kwa Nini Ripoti ya Kwanza Ilipita

"Kwani wewe, Kanyiva, kazi yako hasa ni kufanya nini?"

Aliyeuliza ni Hannah, jirani yake wa ukuta kwa ukuta katika mtaa wa Woodley, Nairobi, ambaye watu wa mtaa humwita Mama Becky kwa jina la bintiye. Ilikuwa Jumamosi mwaka jana. Hannah alikuwa akianika mashuka, naye Kanyiva ameketi mlangoni pake, kompyuta magotini, anacheka peke yake kama mtu aliyesimuliwa kichekesho.

"Mimi ni mpishi, Mama Becky."

"Mpishi wa nini? Ugali wako si tunaujua! Hata paka wa hapa aliukataa."

Kanyiva akacheka mpaka akafunga kompyuta. Kisha naye akauliza lake. "Siku ukiwa na maharagwe ya nyumbani na nyama ya mgeni, vitunguu na nyanya unakaanga mara mbili?"

"Nikaange mara mbili, gesi utaninunulia wewe? Nakaanga mara moja, nagawa sufuria mbili. Huku maharagwe, huku nyama."

"Basi umemaliza. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Hannah akachukua beseni lake, akaingia ndani. "Na kwa hayo unalipwa," alisikika akisema huko ndani.

Hakujua, wala Kanyiva hakujua, kwamba kabla ya mwaka kuisha jambo hilo hilo la kugawa sufuria mbili lingekaribia kumwondolea Hannah mkate wake na jina lake jema.

* * *

Saa moja na nusu asubuhi. Katika Biashara Street, katikati ya jiji, maduka ya vitambaa ndiyo kwanza yanainua milango yake ya vyuma. Kanyiva Mutiso, mwenye umri wa miaka 36, anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, kwa sababu lifti ya jengo hili huamua yenyewe siku ya kufanya kazi. Anaweka chai ya rangi kando ya kibodi, anainamisha kichwa kidogo kuomba, kisha anavuta kiti.

Yeye ni mwandishi wa programu za kompyuta. Kwa miaka sita sasa ameshughulika zaidi na kitu ambacho wengi hawajapata kukisikia: chapa ya ujumbe.

"Tazama," anasema, macho yanamng'aa. Anaandika jina lake na kubonyeza. Kwenye skrini unatokea mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Anaondoa herufi moja tu ya jina, anabonyeza tena. Mfululizo umegeuka wote. Hakuna anayeweza kusema huu wa pili ni ndugu wa ule wa kwanza.

"Ningeweka hapa kitabu kizima cha nyimbo za kanisani kwetu, chapa ingekuwa na urefu huu huu. Na mtu akihamisha mkato mmoja katika wimbo wa mwisho, chapa inageuka. Huwezi kumficha."

Hospitali, benki na ofisi nyingi hutegemea kitu hiki kila siku. Anayetuma faili hulitengenezea chapa na kuvituma pamoja. Anayepokea hutengeneza chapa yake mwenyewe kutokana na kile kilichomfikia, halafu analinganisha. Zikifanana, faili ni salama. Zikitofautiana, kuna mkono uliopita hapo katikati.

Hesabu zenyewe Kanyiva hazibuni. Zilikwishaandikwa na mabingwa, zikawekwa katika makusanyo ambayo watu wa kazi hii huyaita maktaba. Kazi yake ni kuziita, kuzilisha maandishi, na kujua zinakumbuka nini.

"Huko kukumbuka ndiko kwenye utamu na kwenye balaa," anasema. "Maktaba inameza maandishi kipande kwa kipande. Kila kipande kinakorogwa na vilivyotangulia. Hiyo hali iliyomo ndani, kama mchuzi ulioko motoni bado, unaweza kuinakili, ukapata sufuria ya pili iliyofikia pale pale. Au unaweza kuirudisha mwanzo: unamwaga, unaosha, unaanza upya. Usiponakili, na usipoosha, mgeni wa pili anakula mabaki ya mgeni wa kwanza."

Anayasema haya kwa mikono miwili, akikoroga hewa. Chai inapoa. Haonekani kuijali.

* * *

Kanyiva alizaliwa Kibwezi, mtoto wa fundi wa redio. Anasema shule yake ya kwanza ilikuwa chini ya meza ya baba yake.

"Baba akifungua redio ananiambia nisiguse. Basi sikugusa. Nilitazama. Kutazama hakukuwa kumekatazwa."

Alifika Nairobi baada ya kidato cha nne na kupata kazi katika duka la intaneti karibu na Moi Avenue. Mshahara ulikuwa shilingi elfu tisa kwa mwezi, na kazi yenyewe ni kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. "Niliwaombea watu kazi mpaka nikajionea huruma mwenyewe," anasema. Saa ambazo wateja hawakuwapo alijifunza programu, akitumia kompyuta ya pembeni iliyokosa herufi mbili kwenye kibodi. Baadaye akajilipia masomo ya jioni, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Siku moja aliingia mwanamke mmoja kuchapisha nyaraka. Alikuwa Jaspreet, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa wa Biashara Street, aliyegeuza ghala la juu la baba yake kuwa ofisi ya programu.

"Nilikuta huyu msichana anaongea na mashine kwa adabu," Jaspreet anakumbuka, akicheka. "Anaiambia, 'Tafadhali mama, usinifanyie hivyo.' Nikasema, huyu ni wangu."

Mshahara wa sasa Kanyiva hapendi kuutaja. Unalipa kodi ya Woodley na karo ya mdogo wake, na kidogo kinafika Kibwezi. Anashukuru.

* * *

Kazi ya maabara ililetwa na Hannah mwenyewe. Yeye ni karani katika maabara ndogo ya vipimo vya damu upande wa Westlands, na alikuwa amechoka kusikia malalamiko kwamba ripoti zinachelewa kuwafikia madaktari. "Kwa nini msimpe jirani yangu?" alimwambia meneja wake, Bwana Kiragu. "Anajua mambo ya sufuria." Kiragu hakuelewa, lakini namba ya simu aliichukua.

Kanyiva alipofika kule aliona tatizo mara moja. Kila ripoti ilianza na maneno yale yale: jina la maabara, namba ya mashine, na jedwali refu la kuthibitisha kwamba mashine iliamka vizuri asubuhi ile. Majibu ya mgonjwa yenyewe yalikuja mwishoni, mistari michache tu. Programu ya zamani ililisha jedwali lote upya kwa kila mgonjwa.

Vitunguu vilikuwa vinakaangwa mara mia.

Aliandika programu mpya, kwa lugha mpya ya kompyuta ambayo ofisi yao ilikuwa imeanza kuitumia. Sehemu ya pamoja ingelishwa mara moja kila asubuhi. Kisha kwa kila mgonjwa ingechukuliwa nakala ya hali ile, majibu yake yaongezwe humo, chapa itoke. Aliijaribu ofisini: akafungua, akatuma ripoti, ikapita, akafunga. Akafungua tena, akatuma nyingine, ikapita. Ikapelekwa maabara, na ripoti zikaanza kutoka mbio. Hannah alimletea sahani ya mukimo kumshukuru.

Mukimo ulikuwa haujapoa vizuri mambo yalipoharibika. Hospitali inayopokea ripoti zile ilianza kuzikataa. Kwenye kompyuta ya maabara, kila ripoti ikishatumwa hurudishiwa alama, kijani ikipita na nyekundu ikikataliwa, na nyekundu huja na maneno matatu: "Faili hili limebadilishwa." Majibu yakawa hayaaminiki, wagonjwa wakarudishwa kutolewa damu mara ya pili. Mzee mmoja wa Kitisuru alikunja shati lake pale mapokezi, akaonyesha mkono uliovimba, akauliza kama damu yake huuzwa mahali.

Bwana Kiragu akakaa chini kutazama ni zipi zinazopita na ni zipi zinazokataliwa. Alichokiona kilimtisha. Ripoti za Maina, mtaalamu wa maabara, zilikuwa kijani zote. Za Hannah zilikuwa nyekundu karibu zote.

Katika maabara nyingi za jiji hili, watu wanaotafuta kazi ng'ambo huja kupimwa ili wapate cheti cha afya. Si siri kwamba wapo wanaotamani kumpa karani kitu ili jibu baya ligeuke jema. Kiragu aliliunganisha hili na lile. Asubuhi moja, mapokezi pamejaa watu, alisimama mbele ya meza ya Hannah.

"Hebu tuambie," akasema kwa sauti ya kusikika, "unapokea ngapi kwa kila moja?"

Akampa barua ya kujieleza. Kikao cha kuamua hatima yake kikapangwa Alhamisi ya juma lililofuata.

* * *

Jumapili, baada ya ibada, Hannah alibisha mlango wa Kanyiva. Alikuwa bado na kitambaa chake cha kichwani cha akina mama wa kanisa.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, na uniambie kweli mbele za Mungu," akasema kabla hata ya kuketi. "Hiyo programu yako inaweza kusema uongo?"

Jibu la haraka Kanyiva alikuwa nalo: chapa haidanganyi, na hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwake. Lakini alimtazama mwanamke huyu ambaye Becky akitumwa maziwa humdai chenji hadi shilingi ya mwisho, na jibu lile akaliacha.

"Chapa haidanganyi, Mama Becky. Lakini aliyeiandika anaweza kukosea. Na aliyeandika ni mimi."

"Basi nenda ukajitazame," akasema Hannah.

Jumatatu Kanyiva hakwenda mjini. Alikwenda maabara kabla haijafunguliwa, akaomba kiti, akakiweka nyuma ya kompyuta ya mapokezi. Hakugusa kitu.

Maina alifika na ufunguo. Akawasha taa, akawasha mashine, akawasha kompyuta. Pale maabara kuna desturi ya miaka: anayefungua mlango ndiye anayetuma ripoti ya kwanza, ili kuhakikisha kwamba njia iko wazi. Maina akatuma moja. Kijani. Akasimama, akavaa glavu, akaenda kuwatoa watu damu. Hannah akaketi kwenye kiti kile kile, bado kina joto. Akatuma. Nyekundu. Akatuma. Nyekundu.

"Unaona?" Hannah akanong'ona. "Hata sijakohoa, sembuse kugusa faili."

Aliendelea kutuma, maana kazi ni kazi. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Ndipo stima ikapotea.

Taa zikazimika, mashine zikanyamaza, mtu akasema "Haya basi!" kule kwenye viti. Baada ya muda stima ikarudi. Kompyuta ikaamka. Hannah akaandika ripoti iliyofuata, akabonyeza, akageuza uso pembeni asiione.

Kijani.

"Rudia," Kanyiva akasema. "Tuma inayofuata."

Nyekundu.

Kanyiva alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Wagonjwa wakageuka. "Ni ya kwanza!" akasema. "Mama Becky, ni ya kwanza! Si ya Maina wala si yako. Kila ikiamka, ya kwanza inapita!"

"Wewe binti, keti chini," Hannah akamwambia, "watu watasema damu imekupanda kichwani."

Lakini Kanyiva alikuwa ameshatoka, yuko kwenye ukumbi, kompyuta yake kwenye kizingiti cha dirisha, anatafuta mstari mmoja.

Aliupata. Ulikuwa mfupi na ulionekana mzima kabisa. Katika lugha aliyoizoea kwa miaka mingi, ukiandika kwamba kitu hiki kiwe sawa na kile, unapata vitu viwili, kila kimoja na maisha yake. Katika lugha mpya, maandishi yale yale hayatoi kitu cha pili. Yanakipa kitu kimoja majina mawili.

"Nilidhani nimegawa sufuria mbili," anaeleza sasa, akijipiga kofi la paja. "Kumbe nilikuwa na sufuria moja, nimeiita Wanza na nimeiita Mwende! Majibu ya mgonjwa wa kwanza yakaingia kwenye vitunguu vyenyewe. Wa pili akaja juu yake. Wa tatu juu ya wote wawili. Kila chapa ilikuwa imebeba watu waliotangulia. Na kule hospitalini, wao wanapika ya mtu mmoja mmoja. Zitafanana vipi?"

Ofisini walikuwa wameijaribu kwa ripoti moja moja, wakifungua na kufunga. Kila mara ilikuwa ya kwanza. Kila mara ilipita.

* * *

Alifika Biashara Street akipanda ngazi mbili mbili. Jaspreet alikuwa anakula mandazi.

"Si uioshe tu?" akauliza, baada ya kusikiliza. "Kila mgonjwa akiisha, irudishe mwanzo."

"Nikiosha namwaga na vitunguu, boss. Jedwali lote la asubuhi linaondoka. Hapa inatakiwa nakala ya kweli." Akamwonyesha. Maktaba yenyewe ilikuwa na amri yake ya kunakili hali, imekaa pale siku zote, neno moja na mabano yake. Akaliweka. Akatuma ripoti za majaribio kumi kwa mfululizo. Kijani zote. Wakapigana viganja, mandazi yakaanguka.

"Safi! Sasa peleka hii kitu leo," Jaspreet akasema, akipangusa sukari. "Kimya kimya. Kesho yote iko kijani, kila mtu anafurahi, hakuna maneno mingi."

Kanyiva akatikisa kichwa.

"Boss, nikiipeleka kabla ya Alhamisi, nyekundu zitaisha mara tu baada ya Hannah kupewa barua. Kiragu atasema nini?"

Jaspreet akaacha kutafuna.

"Atasema mwizi ameogopa, ameacha," Kanyiva akaendelea. "Hata zile chache za Hannah zilizowahi kupita, stima ilipopotea, Kiragu husema ni zile ambazo hakulipwa kuzigusa. Tukitengeneza kimya kimya, tumemfunga sisi."

"Na wagonjwa? Mpaka Alhamisi watolewe damu mara mbili mbili?"

"Hapana. Nitapiga simu leo waizime na kuiwasha kompyuta kabla ya kila ripoti. Itachelewa, lakini itapita, na kosa litabaki mle ndani nilionyeshe Alhamisi."

"Ukiwaambia hivyo, watauliza kwa nini."

"Nitawaambia ni mtandao. Alhamisi nitawaambia kweli."

"Wewe, na kanisa yako yote, utadanganya?"

Kanyiva akatazama chini. Kisha akacheka, na Jaspreet akacheka. "Basi nitawaambia wazime na kuwasha, na sababu wataiona Alhamisi. Huo si uongo."

"Na huyo mteja tukimpoteza?"

"Tutampoteza tukiwa wasafi."

Jaspreet alizungusha bangili yake ya chuma kwenye kifundo cha mkono, mara kadhaa. Baba yake, anasema, aliwahi kuuza mtaani humu robota zima la kitambaa chenye kasoro bila kujua, na alipojua alimfuata kila mnunuzi dukani kwake kumrudishia pesa. "Nilikuwa mtoto, niliona aibu sana. Nilimuuliza kwa nini tunatembea-tembea hivi. Hakunijibu." Akasukuma sahani. "Sawa. Alhamisi tunaenda. Lakini mimi ndiye nitasema ni kosa yetu. Wewe utaonyesha."

Mchana ule Kanyiva alipiga simu maabara. Kiragu alinung'unika, lakini kompyuta ikawa inazimwa na kuwashwa kabla ya kila ripoti, na nyekundu zikakoma. Naye akasema kile kile ambacho Kanyiva alikuwa amehofia: karani ameshtuka.

* * *

Alhamisi walifika mapema. Hannah alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, viatu vyake vya ibada miguuni, mkoba mapajani. Kanyiva akakaa naye.

"Haya yakiisha utafanya nini?" Hannah akamuuliza, kama watu wanavyoulizana wakingoja daktari.

Kanyiva alikuwa na mpango tayari, na hapo benchini, kwa mara ya kwanza, aliutoa wote. Anataka kuandika seti ya majaribio ya wazi, mtu yeyote aitumie bure: ukiwa na programu inayotumia maktaba ya chapa, unailisha ripoti mbili, tatu, kumi, zikichanganywa, zikirudiwa, uone kama kuna inayokumbuka isichopaswa kukumbuka. Na anataka kufungua darasa la Jumamosi kwa vijana wa Woodley na Kibera, katika ukumbi wa kanisa, alifundishe jambo hili kwa Kiswahili.

"Kwa sababu vitabu vinasema tu, 'nakili hali'. Havisemi kuna karani anaitwa Hannah."

"Na mimi nitakuja darasani nifanye nini, na umri huu?"

"Utajaribu programu za watu. Una macho, Mama Becky. Siku ile mimi nilikuwa natazama mashine. Wewe ndiye uliyesema hujakohoa."

Hannah akatabasamu kidogo. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Ndani walikuwa Kiragu, ambaye alikuwa amevaa suti, na Maina aliyeitwa kama shahidi. Jaspreet hakungoja kukaribishwa. "Bwana Kiragu, hii kosa ni yetu, si ya huyu mama," akasema. "Usiniamini. Tazama."

Kanyiva alikuwa ameiunganisha kompyuta ya mapokezi na skrini kubwa ya ukutani. Akaizima, akaiwasha.

"Hannah, tuma wewe kwanza."

Hannah akaketi, akabonyeza kwa kidole kimoja. Kijani.

"Maina, wewe sasa."

Maina akajinyoosha kama mwanamume anayejua kazi yake. Akabonyeza.

Nyekundu. Faili hili limebadilishwa.

"Wacha!" Maina akaruka nyuma. "Rudia, rudia. Labda nimebonyeza vibaya." Akatuma nyingine. Nyekundu. Akatuma ya tatu. Nyekundu. "Aki ya nani! Kumbe na mimi ni mwizi? Mama Becky, hizo pesa tumekula wapi? Mbona sijaziona?"

Hannah alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakimtiririka, na ikawa vigumu kusema ni kicheko au ni kile kingine alichokuwa amekibeba siku zote zile. Jaspreet akampa leso yake.

Kanyiva hakungoja. Alikuwa anaenda upesi, maneno yakigongana mdomoni: akaweka programu iliyotengenezwa, akaiwasha, akawapanga mmoja baada ya mwingine. Hannah, kijani. Maina, kijani. Hannah, kijani. Akamwita hata Kiragu mwenyewe, ambaye tangu kuwa meneja hakuwa amewahi kutuma ripoti. Kiragu akabonyeza kwa woga. Kijani. Maina akapiga makofi kama aliyeona bao.

"Kila mtu na sufuria yake!" Kanyiva akasema, mikono juu.

Ilichukua muda kidogo chumba kutulia. Kiragu aliirudisha barua ya Hannah ndani ya faili, akaisawazisha kingo zake.

"Naam," akasema. "Tumeona. Hili lilikuwa tatizo la kiufundi. Barua hii imefutwa, Hannah. Urudi kazini, na yaishe. Tusiwe na maneno mengi."

"Bwana Kiragu," Hannah akasema. Hakuwa anacheka tena, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Siku ile hukuniita ofisini. Uliniuliza pale mapokezi napokea ngapi, watu wamejaa kwenye viti. Mmoja wao ni mama tunayeimba naye kwaya. Nilipofika Woodley jioni, habari ilikuwa imenitangulia. Becky aliulizwa shuleni."

"Nimesema barua imefutwa."

"Barua hawakuiona. Maneno ndiyo waliyoyasikia. Nataka uyaseme pale pale uliposemea."

"Saa hii wagonjwa wamejaa, Hannah."

"Hata siku ile walikuwa wamejaa."

Kanyiva alitaka kusema kitu, Jaspreet akamgusa mkono kumzuia. Kwenye skrini ya ukutani alama ya kijani ilikuwa bado inawaka.

Chumba kile kina milango miwili. Mmoja hutokea kwenye maegesho ya magari, na mwingine mapokezi, ambako sauti za watu na za televisheni zilikuwa zinasikika kupitia ubao. Kiragu alikaa akitazama faili lililofungwa mbele yake. Kisha akasimama, akafunga vifungo vya koti, akazunguka meza, akashika kitasa cha mlango wa mapokezi, na akatoka. Alisikika akiomba televisheni ipunguzwe sauti, kuna jambo la Hannah anataka kulisema.